Mtumbwi wa Mama Febronia

Jumapili, 25 Julai 1993

Nimenunua mtumbwi! Mimi — mtoto wa Kinampanda, niliyekua nachota maji kisimani, nisiyejua kuogelea hata kwenye lambo la ng'ombe. Kiinua mgongo chote cha kinu cha pamba kimeishia hapo. Miaka yote ile ya kugonga mihuri kwenye marobota, halafu wakatuita uwanjani: ushirika umechoka, nendeni mkajitegemee. Haya. Nimejitegemea.

Aliyeniuzia ni Marko, jirani yetu hapa ziwani. Mvuvi. Maneno yake ni mengi kuliko samaki wake. Juzi alinifundisha mwenyewe namna ya kukagua mtumbwi: usitazame rangi, rangi ni poda tu, choma mbao kwa kisu. Kikizama kama kwenye kiazi, geuka urudi nyumbani. Leo nikaja na kisu cha jikoni nikamchomea mtumbwi wake toka mbele hadi nyuma. Nyuma kikazama! Akasema anajuta kunifundisha. Ubao ule ameubadilisha bila kuongeza bei.

Nia yangu: kukusanya kambale na perege kwenye kambi za ng'ambo, niwauzie wachimba dhahabu wa Sekenke. Siku hizi kila biashara ruksa. Mwenye miguu atembee.

Zefania anauzunguka mtumbwi kama mtu aliyefika mnadani. Anaugonga, anainama, anachungulia chini. Mume wangu huyu hajasema hongera. Kauliza tu nahodha atakuwa nani.

Jumanne, 27 Julai

Kumbe ukinunua mtumbwi unanunua na washauri. Huyu anasema mzigo ukae mbele, yule nyuma. Mwingine anasema usipige mluzi ndani yake. Marko peke yake ndiye aliyesema la maana: mzigo mzito katikati, kopo la kuchotea maji lifungwe kwa kamba lisije likaelea likakuacha, na kamba ya mtumbwi usiikaze sana maana ziwa hupanda na kushuka. Halafu akaharibu kwa kuongeza kwamba mwanamke mjamzito asiuguse. Mimi sina mimba, nikamwambia, labda uniuzie na hiyo.

Bwana samaki alikuja kuuandikisha. Mwenye chombo nani? Zefania akataja jina lake. Nikataja langu. Wote wawili wakaangalia maji. Mwishowe limeandikwa langu: Asnath. Jioni Zefania amekula ugali kama yuko msibani.

Jumamosi, 31 Julai

Mama anaumwa, natakiwa Kinampanda. Sitaki kuondoka! Mtumbwi hata sijaupanda mara tatu. Nimemwambia Zefania autazame kama mali yake. Amefurahi mno. Ningeona furaha ile ni ya nini, nisingepanda gari.

Jumatatu, 16 Agosti

Mama hajambo. Nimeshuka kwenye gari nikaenda ziwani moja kwa moja, mzigo kichwani. Mtumbwi haupo! Nikapiga kelele, watu wakatoka, wakacheka: mtumbwi uko kwa mkweo.

Uko zizini kwa Mzee Simeoni. Chini ya bati, juu ya matofali, umepakwa mafuta ya ng'ombe unang'aa. Waliuvuta kwa maksai nilipoondoka tu. Zefania na baba yake wamesimama kando wakingoja nishukuru. Mzee akaeleza kwa upole kabisa: adui wa mbao ni maji na jua. Mkokoteni wake una umri wa Zefania kwa sababu haujawahi kulala nje. Jembe la kukokotwa, vivyo hivyo. Basi wameuhifadhi mtumbwi wa mkwe wao kama wanavyohifadhi vitu vyao wenyewe.

Nikainama. Kupitia kwenye maungio ya mbao nimemwona mbuzi aliyesimama upande wa pili. Si macho yake tu — mbuzi mzima!

Nikasema asante, baba. Ningesema nini? Nimelia nilipofika jikoni, kwa hasira, nikichambua mchicha.

Jumanne, 17 Agosti

Marko amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona uso wangu akainuka.

Mbao za mtumbwi zinakaa zimeshiba maji, ndivyo zinavyobanana. Zikikauka zinasinyaa, kila ungio linafunguka mdomo. Dawa ni kuuzamisha. Ndiyo, kuuzamisha! Unaujaza mawe, unaulaza kwenye maji ya magotini, unauacha unywe mpaka utosheke. Zefania kwa kutaka kutubu akaleta pamba na lami, anashindilia kila ufa kwa patasi. Marko akampokonya. Ukijaza sana sasa, mbao zikivimba zitakosa pa kwenda, zitasukumana na kung'oa misumari. Weka pamba kidogo, nafasi nyingine ziachie mbao.

Pamba yenyewe ni ile ya kinu. Nimeijua kwa kuishika tu.

Mzee Simeoni alipita akatukuta tunapanga mawe. Alisimama. Akatikisa kichwa akaenda zake. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba mke wa Zefania amenunua chombo akakizamisha kwa mikono yake.

Jumapili, 22 Agosti

Situlii. Nimetoka kanisani nikapitia ziwani, nimepika nikarudi ziwani, nimeosha vyombo nikaenda tena. Viputo bado vinatoka. Bado anakunywa. (Nasema "anakunywa" kama mtoto. Nimeshaharibika.)

Habari ya leo: harusi ya Raymond, shemeji yangu, imepangwa Jumamosi ya tarehe 4 Septemba. Bibi harusi ni Selina, wa ng'ambo. Lori la kuzunguka ziwa lipo, mwenye nalo ameshakubali. Mzee hataki. Harusi ya lori kila mtu anayo, anasema. Anataka Selina aletwe kwa mtumbwi, na ndugu wakamchukue kwa mtumbwi, wakwe wa ng'ambo waone kwamba nyumba ya Simeoni nayo ina chombo majini.

Chombo kile kile alichotikisia kichwa! Na nakiri, nilivimba kidogo kwa fahari.

Jumamosi, 28 Agosti

Tumeutoa mawe, tumeuchota maji, umeelea. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Chini umebana, hata tone haliingii. Ila ungio moja la juu, upande wa kushoto, halijafunga. Ubao umepinda kule zizini na haurudi. Marko anasema ni lazima ubao mpya, na mbao zake hazipatikani hapa mpaka aende Shelui mwezi ujao. Tukiwa wachache halina neno, linakaa juu ya maji kiganja kizima. Tukiwa wengi je? Marko akasema usibahatishe, pakia mawe uone. Kila jiwe kubwa tukalihesabu kama mtu. Watu sita, salama. Tulipoweka la saba ungio likagusa maji, na maji hayakudondoka — yaliingia kama ng'ombe anakojoa. Hapo tuko ukingoni, ziwa limetulia. Katikati na upepo, sitaki hata kuwaza.

Basi watu sita. Nimemwambia Zefania. Akasema kamwambie baba. Mimi? Mimi mkwe, nikasimame mbele ya baba mkwe nimwambie hapana? Hata kumtazama usoni sijawahi. Ni baba yako, useme wewe. Akasema atasema.

Jumatano, 1 Septemba

Zefania, umesema? Kesho.

Mzee ameshapanga wa kwenda: mashangazi wote, wapiga ngoma, mzee wa kanisa, kondoo dume wa kuwapa wakwe. Na mbele kabisa akae binti yangu Febronia na mwavuli, kwa sababu ana jina la marehemu mke wake, ili na bibi naye awe amemfuata mkwe. Mtoto amechanganyikiwa kwa furaha. Ana miaka tisa. Haogelei, kama mama yake.

Upepo umeanza kubadilika. Zamani ulikuwa unaamka adhuhuri, siku hizi asubuhi tu maji yameshachafuka.

Ijumaa, 3 Septemba

Zefania amesema! Nimemuuliza amesema nini hasa. Akazungukazunguka. Kumbe amemwambia baba yake kwamba mtumbwi bado una unyevunyevu, si mzuri kwa nguo za harusi. Mzee kajibu hakuna shida, watatandika mikeka.

Mikeka!

Nimemwambia Zefania maneno ambayo siyaandiki. Anaogopa, namwona. Anamwogopa baba yake kuliko maji, na maji hayajui kwamba yeye ni mtoto mwema.

Nilikwenda kwa Marko. Kasema yeye na watu watano, sawa, awapeleke na kurudi mara mbili tatu. Alimpelekea mzee wazo hilo bila kulitaja ungio, mzee amekataa: ndugu hawafiki kwa wakwe vipandevipande kama wadeni. Marko akaaga, ameenda kwa dada yake, hataki kuonekana. Kwa hiyo nahodha ni Zefania. Ameshika pondo, mti wa kusukumia mtumbwi, mara mbili maishani. Mara ya pili pondo lilibaki kwenye tope, yeye akaenda na mtumbwi.

Jumamosi, 4 Septemba

Naandika ili mikono isifungue mlango.

Nimejifungia chumbani. Makasia yote ninayo, na pondo, nimeyaleta kabla hawajaamka. Pondo halikuenea, limetoka dirishani kama mkia. Komeo nimelitia. Nimekaa juu ya makasia.

Upepo umevuma toka alfajiri. Kutoka hapa naona ziwa lote limetoa meno.

Wameshapanda! Hawakungoja hata makasia. Mashangazi, ngoma, kondoo, wote wamekaa ndani, mtumbwi umefungwa bado kwenye kigingi, tumbo limekaa kwenye tope, nahisi ungio lile linalamba maji tayari. Hawaoni, maana mikeka imefunika. Na mbele kabisa gauni jeupe na mwavuli. Nimemwita dirishani, Febronia! Febronia! Amenipungia mkono. Wanaimba, hasikii.

Zefania amekuja mlangoni. Asnath, fungua, unanitia aibu. Nikasema watu sita. Akasema watu wanatazama. Nikasema watu sita, na mtoto wangu ashuke. Ameondoka.

Shangazi mmoja amekuja akasema nina roho mbaya, najivunia chombo. Raymond amekuja, na suti yake, maskini, akaniomba nisimharibie siku. Nimemwambia lori lipo, Raymond, lori lipo! Akasema yeye hana neno na lori, baba ndiye. Wote baba ndiye. Hakuna mwanaume hata mmoja katika ukoo huu anayeweza kumwambia mzee huyu jambo moja tu la kweli, mpaka aseme mwanamke aliyekatazwa hata kumtazama.

Ngoma zimenyamaza.

Fimbo. Naisikia uani. Ni yeye. Toka niolewe hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii. Mambo yake huyasemea uani, nami huenda nimejifunika kanga. Sasa amevuka. Fimbo inagonga sakafu ya sebule. Imefika. Kuna mlango tu kati yetu.

Anahema, amepanda kilima kwa haraka. Nimejitanda kanga kichwani kana kwamba ananiona.

Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilikuwa nimejiandaa avunje komeo. Matusi yake ningeyaweza, nimeshaweza ya wengine wote leo.

Amepiga magoti. Nimesikia fimbo ikilazwa chini na magoti yakigusa sakafu. Kisha sauti ya chini, sauti asiyoitumia kwa mtu:

"Shikamoo, Mama Febronia."

Mimi! Mkwewe, ambaye angeweza kunizaa! Kule chini wameanza kuimba tena, na upepo unazidi. Anangoja niitikie, kisha aombe makasia.