Kaka Amechomoa Waya

Jamani, kaka yangu amechomoa waya. AMECHOMOA WAYA!

Wa ile kompyuta kuukuu ya marehemu baba. Leo kaseti ya barua zake imekubali kusomeka, halafu utepe ukakatika. Barua zimebaki kwenye kumbukumbu ya mashine tu, nami niko mbioni kutafuta kaseti nyingine ya kuzihifadhi.

Bwana mkubwa akataka soketi ya kuchaji simu yake.

“Si uiwashe tena?” Eti niiwashe tena!

Nikamweleza: chipu zile za kumbukumbu husahau kwa kufumba na kufumbua. Mashine huzikumbusha upya mamia ya mara kila sekunde. Umeme ukikatika, kwisha.

Akacheka. “Kumbukumbu gani hiyo ya kukumbushwa-kumbushwa?”

Kama yako, nikamwambia. Baba alikupigia kila Jumapili. Alipougua akaacha kupiga, hukuuliza hata kwa nini.