Boksi Lenye Picha ya Nyuki

Makole, Dodoma

Baba Anitha,

Mtoto ameota jino na homa imeshuka. Simu zangu hupokei huko Dar, basi soma.

Mteja wetu wa Muscat ameniambia ulimweleza kwamba chupa za asali zilivunjika kwa sababu mkeo hajui kufunga mzigo. Mimi? Si nilikuomba maboksi magumu ya tabaka mbili, maana melini yanapangwa moja juu ya jingine? Ukanicheka: "Mama Anitha, mteja hununua kwa macho." Ukaleta yale membamba, eti yana picha ya nyuki.

Nakupenda, lakini mpigie umwambie ukweli. Mzigo mpya nimeufunga kwenye magumu, na jina la mtumaji nimeandika langu peke yangu.

Mkeo,
Edina