Nilikaa Kushoto Kwako

Musoma, Jumanne, tarehe 14 Machi 1995. Asubuhi mawingu mazito upande wa ziwani, manyunyu tangu alfajiri, upepo kidogo. Saa mbili mvua imekatika.

Mdogo wangu Majura,

Barua hii haitakufikia kabla ya kesho. Kesho asubuhi utakuwa juu ya meza ya upasuaji huko Dar es Salaam, na madaktari watakuwa wanafungua kichwa chako. Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyo ili niizoee. Sijaizoea.

Nakuandikia kwenye shajara yangu, kipande kwa kipande, kila nikipata nafasi, kwa sababu leo siwezi kukaa bure. Naogopa, Majura. Naogopa usitoke. Naogopa utoke huoni kabisa. Na naogopa kitu cha tatu, ambacho mpaka sasa tunakijua wewe na mimi tu.

Unaikumbuka televisheni ya boksi? Ulikuwa na miaka saba. Ni wakati ule wa kupanga foleni ya sabuni, na Mama alipofika kaunta ya duka la ushirika sabuni ikawa imekwisha, akapewa boksi tupu. Ulilikata dirisha mbele. Tukachora picha kwenye karatasi zilizogundishwa kwa uji wa muhogo, tukazivingirisha kwenye vijiti viwili. Mimi nazungusha, wewe unatangaza. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona televisheni. Picha zote tulizichora pamoja, mpangilio wake unaujua, lakini kila mara uliinamisha kichwa ukaniuliza, "Dada, inayofuata ni nini?"

Ulivyokua hukubadilika. Biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia kwa njia ya mpakani Sirari, Mama Rhobi, fundi cherehani wa hapa Buhare, alipata televisheni ya kweli na ile mashine ndogo nyeupe ya gemu, akaviweka nyuma ya pazia, pale anapopigia pasi. Siku ya kwanza nilikuja kukutoa kwa sikio. Nikaona vile vifaru vidogo vya vita vinavyotambaa kwenye kioo, nikasema nitakaa dakika tano. Mama Rhobi alicheka mpaka akachoma kola ya mtu.

"Huyu alikuja polisi, sasa ni mteja!"

Sisi ni watu wa vikao, hata kwenye mchezo. Mkaunda Kamati ya Mashine. Wambura, yule wa baiskeli, mwenyekiti kwa sababu ana kaka baharia, mimi katibu kwa sababu nina mwandiko. Tangu hapo nikawa Dada Katibu hata sokoni.

Kumbukumbu za kikao cha Mei mwaka jana ninazo hapa. Kaka yake Wambura alikuwa ametuma radio iliyofungwa kwa kurasa za gazeti la Kiingereza, na kwenye ukurasa mmoja ilikuwepo picha ya mashine mpya ya gemu, ya kijivu, ambayo ilikuwa bado haijatoka hata huko Japani. Ulikuja nayo ofisini kwangu shuleni unakimbia, umeikunja kifuani ndani ya shati. Jioni nilisimama mbele yenu nikatafsiri, na mlikaa kimya kuliko mnavyokaaga kanisani.

"Inasema vitu vitaonekana pande zote. Unaweza kuzunguka nyuma ya nyumba ukaona ukuta wake wa nyuma."

"Na choo kitaonekana?" Wambura akauliza.

"Gemu zake ziko kwenye sahani, kama santuri ndogo."

"Vumbi la Buhare litazila hizo," akasema Mama Rhobi.

"Na kuna kadi ndogo inayotunza kumbukumbu. Ukizima leo, kesho unaanzia ulipoishia."

Mama Rhobi aliondoa mguu kwenye cherehani. "Hata umeme ukikatika?"

"Hata umeme ukikatika."

"Huo uongo wa Wazungu."

"Wajapani, Mama Rhobi."

"Basi Wajapani wanatujua!"

Ulikuwa mwaka wa umeme wa mgawo. Mara ngapi mlifika hatua ya thelathini ya vifaru, giza likaingia, mkaanza tena kutoka moja? Ile kadi iliwaingia moyoni kuliko picha yenyewe. Niliandika matumaini ya kila mjumbe. Wambura alitaka mpira wenye timu ya Tanzania, hata ikifungwa sita. Mama Rhobi alitaka gemu ya kushona. Kija, yule mrefu wa kuuza samaki, akamcheka: "Nani atacheza kushona?" Akajibiwa, "Wewe, ambaye suruali imekuchanika nyuma tangu Pasaka." Ilipofika zamu yako ulisema, "Mimi nataka niione tu." Niliandika hivyo hivyo: Majura, kuiona tu.

Kisha mkapiga kura nani atashika mashine hiyo kwanza, kwa vipande vya kitambaa kwenye kopo la vifungo. Chekundu, cha zamu ya kwanza, ukakitoa wewe. Ulikifunga kidoleni, ukalala nacho.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Wewe ndiye uliyeniambia, "Dada, andika nilipopigiwa, tujue pa kurekebisha." Nikachora safu tatu kwenye daftari: juu, kulia, kushoto. Kila kifaru chako kilipolipuka nikaweka alama. Miezi ya mwanzo alama zilitawanyika. Halafu safu ya kushoto ikaanza kujaa. Nikadhani ni uzembe. Jumamosi tarehe 11 Juni safu ya kulia ilikuwa tupu kabisa, na ya kushoto imejaa mpaka nimeandika pembeni ya mstari.

Tukirudi nyumbani, wewe ukiwa upande wangu wa kulia, nilinyoosha vidole vitatu kushoto kwako bila kusema kitu. Hukugeuka. Nikavisogeza mbele kidogo kidogo, na ulipoviona ulishtuka kama mtu aliyeguswa na nyoka.

"Tangu lini?" nikakuuliza.

"Sijui. Ni kama pazia."

"Twende hospitali Jumatatu."

"Dada, ngoja mashine ije kwanza. Mama akijua atasema ni televisheni. Atanirudisha kwake Kiabakari kwenye ng'ombe, sitaiona kabisa. Ikija tu, niicheze siku moja, nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu."

"Inakuja lini?"

"Mwisho wa mwaka inatoka Japani. Kaka yake Wambura ameahidi."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesoma mpaka kidato cha nne, natunza mafaili ya shule nzima. Nikasema sawa.

Si kwamba nilikaa kimya tu. Nilihama. Siku zote nilikuwa nakaa kwenye kiti cha mlangoni, nikahamia kwenye benchi, kushoto kwako. Kifaru kikitokea upande ule nilikugonga goti kwa kidole, mara moja. Viwili, mara mbili. Ukaanza kushinda tena, na watu wakatutania. "Dada Katibu siku hizi ni mshika kibendera!" Kija alisema, "Tukipiga marufuku kidole cha dada mtu, Majura hafiki hatua ya kumi." Ulicheka kuliko wote. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa naona fahari, Majura, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Tulikuwa hodari. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba: nimeyapitia madaftari yote leo asubuhi, na kila ukurasa alama zinaonyesha tunavyozidi kuwa hodari, na kile kitu kichwani kinakua nyuma ya kidole changu.

Krismasi tukaenda Kiabakari, na yule ng'ombe mweusi wa Mama akatokea kushoto kwako akakusukuma mpaka kwenye nguzo ya zizi. Mama akapiga kelele, "We Majura, ng'ombe mzima huonaga?" Uliniangalia mimi. Mama aliyafuata macho yako mpaka usoni kwangu, lakini hakuelewa alichokiona.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Matone ya macho, miwani ya sokoni, maombi, hospitali hapa, hospitali Mwanza, halafu Dar. Daktari akasema macho yako ni mazima. Kuna uvimbe nyuma ya kichwa, upande wa kulia, umebana sehemu ya kuonea kushoto. Kumbe haikuwa televisheni. Mama angeweza kukugombeza bure, na ungeponea kwenye kugombezwa huko.

Jana mchana simu ya ofisini iliita. Ilikuwa Mama, kwa simu ya wodini. Alisema upasuaji ni keshokutwa, yaani kesho. Alisema unakula. Halafu akasema, "Daktari ameniuliza ilianza lini. Nimemwambia ni baada ya Krismasi, wakati wa yule ng'ombe. Si ndiyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya meza. Nikaweka simu chini, Mwalimu Mkuu akaifunga kwa kufuli lake, nikaendelea kupanga karatasi za ada.

Leo saa saba Wambura na Kija walikuja shuleni. Baharia ameandika: mashine amekwisha kuipata, ipo melini, mwezi wa tano tutakuwa nayo. Ingekuwa mwaka jana ningepiga vigelegele. Wambura alishika kofia mkononi.

"Dada Katibu, ni kuhusu ile orodha. Zamu ya kwanza."

"Imefanya nini?"

"Hatujaifuta. Tunauliza tu. Kama ikitokea..."

Kija akamalizia, "Kama hataweza, kipande chekundu kinakwenda kwa nani?"

Mama Rhobi alikuwa amewafuata kwa nyuma na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni, anahema. "Hivi nyie! Mtu hajafika hata kwenye meza ya daktari, mnagawana zamu yake kama nyama ya mbuzi? Tokeni! Dada, usiwajibu hawa."

Lakini Wambura alipokuwa anageuka niliona analia, na nikaelewa kwamba walikuja kutafuta mtu wa kuwaambia hapana, ataiona. Na mimi, niliyewatafsiria kila neno la ile karatasi, sikuweza kuwaambia hilo. Badala yake nikamuuliza Wambura kitu cha kijinga: kama uvimbe mmoja umekua polepole na mwingine una wiki chache, daktari anakata sawasawa? Akasema, "Dada, mimi ni fundi wa baiskeli." Halafu akasema, "Lakini hata mimi lazima uniambie baiskeli ilianza kulia lini, kabla sijaifungua."

Nikachukua mkoba nikaenda posta.

Nilisubiri saa moja na nusu kwenye benchi mpaka wakanipatia laini. Aliyepokea alikuwa muuguzi, sauti ya mtu mzima. Nikamwambia mimi ni dada yake Majura, wa upasuaji wa kesho, tarehe mliyopewa si sahihi. Haikuanza Krismasi. Ilianza tarehe kumi na moja Juni au kabla yake.

"Una hakika? Mama yenu amesema Krismasi."

"Nina hakika."

"Umeijuaje tarehe kabisa?"

"Niliandika."

Akaniuliza ilivyokuwa ikiongezeka, nikamsomea mwezi kwa mwezi, kushoto, kushoto, kushoto. Akawa anarudia huku anaandika. Nikamuuliza kama hiyo ni nzuri au mbaya, uvimbe kuwa wa zamani. Akasema, "Dada, ni tofauti. Daktari atasema. Ila umefanya vizuri kupiga leo. Ngoja, mama yako huyu hapa."

Sikuwa nimejiandaa. Nilisikia kanga yake ikisugua simu.

"Nyangeta."

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. "Ulikuwa unaandika?"

"Nilikuwa naandika, Mama."

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na moja Juni."

Nilimsikia anahesabu kwa pumzi. Nilingoja aniite mchawi, nilingoja alie. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nimekwisha sema "ndiyo, Mama" mara moja, na nimeona inavyofanya kazi.

"Ulikuwa kwangu, Mama. Ulikuja na viazi, ukalala siku mbili. Tulikula pamoja sote."

Laini ikakatika. Mtu wa posta alisema muda umekwisha. Sijui Mama alisema nini, au kama alisema.

Hapo ndipo nilipofikia. Sijui nimekusaidia au nimemwekea Mama jiwe ambalo atakaa nalo usiku mzima peke yake kando ya kitanda chako. Labda muuguzi amemwambia daktari, labda karatasi imebaki mezani. Nimejaribu kuomba na kila nikianza najikuta nasema, Bwana, mgonge goti. Sina maneno mengine.

Majura, nakuomba utoke humo ukiwa na hasira. Utoke unione au usinione, lakini uniambie kwa mdomo wako kwamba nilikuwa mkubwa na nilipaswa kukataa. Ulikuwa na miaka kumi na minane na ulikuwa unataka kuona mashine; hilo si kosa la mtu yeyote. Kusema sawa lilikuwa kosa langu, na nataka uniseme kwa ajili yake miaka mingi, mpaka nichoke, tuwe wazee tunagombana. Usiniachie nijiseme mwenyewe.

Ukiwa huko mezani na usingizi wa dawa unakuja, usiogope upande ule wa kushoto. Mama yuko mlangoni.

Mimi dada yako,
niliyepaswa kukushika mkono, nikakugonga goti.

Nalala saa tisa kasorobo usiku.