Hodi ya Kaka Swedi

Kizota, Dodoma
26 Januari 2025

Mdogo wangu Abdulnasiri,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Salha anauliza baridi ya Mbeya imekufanya nini hadi umetusahau hivyo. Mvua huku ni za kusuasua, mtama wa watu wa Zuzu umechomoza na kusimama palepale. Mwandiko usikushangaze, ni wa Shamimu. Mimi nimekaa kitako nasema, binti yangu anaandika.

Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Ni onyesho letu la Jumapili iliyopita alasiri pale Zuzu. Hilda aliweka simu yake pembeni ya jukwaa akawa anarekodi huku anaimba. Sikiliza wimbo wa mwisho, kuanzia tunapoingia kwenye chemko, pale mwishoni mdundo unapochangamka. Unajua pale hakuna kilichofanyiwa mazoezi, kila mtu anatoa alichonacho hapohapo.

Bendi imegawanyika, mdogo wangu. Wapo wanaosema aliyepiga solo siku ile aache kabisa, na wapo wanaosema ilikuwa siku mbaya tu. Ramadhani tunafunga vyombo, na Idi pili tunapiga Chamwino, ukumbi mkubwa kuliko wote tuliowahi kuitwa. Lazima tuamue kabla. Jina lake silitaji, maana unatujua wote na mimi nataka masikio yako, sitaki mapenzi yako. Andika kama tulivyozoea: barua itasomwa mazoezini mbele ya wote, na neno la mtu ambaye hakuwepo ndilo litakalofuatwa. Hata mimi nitalifuata.

Kaka yako,
Swedi

*

Mbeya
9 Februari 2025

Kaka Swedi, shikamoo.

Natumaini barua inakukuta salama, wewe, shemeji, Shamimu na bendi nzima. Mimi sijambo, kazi ya kutengeneza redio na spika inaendelea. Nimesikiliza ile kadi kwenye spika kubwa za mteja mmoja, mara tatu, mlango nimeufunga.

Umeficha jina lakini hodi imemtaja. Tangu enzi za marehemu baba, kila mpiga solo wa bendi yetu ana hodi yake, vile vinoti vichache anavyobisha navyo kabla ya kuingia kwenye chemko, ili besi na drams wajue anayekuja ni nani. Mtu hapigi hodi ya mwenzake. Yako inapanda na kumalizikia juu kabisa, pale kidole kidogo kinapojinyoosha. Niliyoisikia inashuka, noti nne kwenye nyuzi mbili. Ni ya Nathan, na najua mnapokezana gitaa, siku hii solo yeye na kesho wewe. Basi Nathan, kama unasikia hii ikisomwa, nisamehe, lakini nimeombwa ukweli.

Hodi yenyewe imechelewa. Akishaingia anakamata kipande kimoja na kukirudia, hakigeuzi, hajibu ngoma ya tumba inapomwita. Nilingoja apande juu, hakupanda hata mara moja. Kuna mahali anaanza kusema kitu kizuri, halafu kinakatika katikati kama mtu aliyesahau alichotumwa. Abdulwahab naye besi yake inavuta miguu, drams zinalegea, na ukisikiliza vizuri unasikia viti: wachezaji wanakwenda kukaa.

Kilichoniokoa ni ridhimu yako, kaka. Kila anapoacha shimo unalifukia kabla watu hawajaliona. Kuna pahali umeondoka kwenye ridhimu ukapiga solo badala yake kwa pumzi mbili, ukarudi kimyakimya. Hujawahi kupiga vile. Nililia.

Hukumu yangu ni kwamba aweke gitaa chini. Anayemwacha aendelee hamtendei wema. Ndivyo ulivyoniambia mimi mwaka ule mbele ya bendi nzima. Nilikasirika, nikahamia huku, lakini ulikuwa umesema kweli.

Mdogo wako,
Abdulnasiri

*

Mbeya
2 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Nakutakia Ramadhani njema, wewe na wote nyumbani. Wiki tatu kimya. Simu yako inaita tu, na nikimpigia Shamimu anasema baba amelala hata saa nne asubuhi. Je, Nathan amechukia? Mwambie mimi simchukii, nilichokisema ni cha gitaa tu. Nijibuni.

Mdogo wako,
Abdulnasiri

*

Kizota, Dodoma
12 Machi 2025

Mdogo wangu Abdulnasiri,

Salaam. Tunafunga salama, jua ni kali na vumbi limeanza mapema. Anaandika tena Shamimu.

Barua yako ilisomwa mazoezini kama nilivyoahidi. Aliyeisoma ni yeye huyu. Alipofika kwenye viti alitaka kuikunja, nikamwambia aendelee. Alipofika kwenye kuweka gitaa chini, Nathan alitoka nje, akakaa kwenye matofali na kichwa mikononi. Hakukuchukia. Uliyemsifu kwenye ridhimu hadi ukalia ndiye yeye.

Solo nilipiga mimi.

Sukari imenila vidole, mdogo wangu. Nilikuficha. Mwezi wa kumi niliegemeza mkono wa kushoto kwenye jiko la mkaa, nikajua naungua kwa harufu. Kidole kidogo hakisikii kitu, na cha jirani yake kinakwenda huko huko. Sasa ganzi imeingia na mkono wa kulia, ndiyo maana Shamimu anaandika. Hodi yangu siiwezi tena. Zuzu ilipofika zamu ya kubisha nilipapasa juu, hakuna kitu, nikabisha kwa hodi ya Nathan kwa sababu inapigika kwa vidole viwili. Bendi nzima iligeuka kunitazama.

Nilikuomba wewe kwa sababu hawa wa hapa wasingethubutu. Na nilijua ukinitambua tu, utasema uongo. Hata hivyo, moyoni nilitegemea utanitambua, Nasiri. Gitaa ulijifunza kwenye vidole hivi, umekaa miguuni pangu toka hujaota ndevu. Kuambiwa niache hakujaniumiza sana. Kilichoniuma ni kwamba umesikiliza mara tatu, hukunisikia.

Kaka yako,
Swedi

*

Mbeya
18 Machi 2025

Kaka yangu, shikamoo.

Nimesoma barua yako dukani, nikafunga duka. Naomba unisamehe, na Shamimu anisamehe kwa kumpa maneno yale ayasome.

Nimeisikiliza upya. Besi ya Abdulwahab haivuti miguu, inakungoja. Drams hazilegei, zinapunguza mwendo ili ufike. Tumba inakuita mara moja, hujibu, na haikuiti tena, isikuaibishe. Watu wazima watano wamekubeba bila kukubaliana kwa neno, na mimi nimeandika kwamba ni makosa. Hata kile kipande ulichokirudia, leo nakisikia kina kitu. Sijawahi kusikia chemko kama ile.

Nafuta niliyoandika. Wasomee hii mazoezini badala ya ile. Piga Chamwino, kaka, hata ukiwa umekaa, hata ridhimu tu. Nitakuja Idi nikushikie hilo gitaa mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Abdulnasiri

*

Kizota
27 Machi 2025

Mdogo wangu,

Salaam. Mwandiko huu mbovu ni wangu, Shamimu nimemfukuza, kwa hiyo nitasema machache.

Usifute. Mara ya kwanza ulisikia vizuri. Mara ya pili ulisikiliza ukijua ni mimi. Wale wachezaji waliokwenda kukaa hawakujua kwamba nabebwa, walijua tu kwamba miguu haiwashi, na sisi tulikuwa tunawapigia wao. Barua yako ya pili sikuwasomea. Nimekusamehe, ingawa hapakuwa na kosa. Mwaka ule mimi nilikuambia uache nikiwa nakutazama usoni. Wewe angalau hukunitazama.

Daktari wa hapa anasema mguu nao umeanza kufa ganzi. Usije Idi. Njoo baadaye, nikishazoea.

Zuzu nilibisha kwa hodi ya Nathan bila kumwomba, na hilo halijawahi kufanyika kwenye bendi ya baba. Sikutaka kubaki na cha mtu. Jioni tukishafuturu anakuja hapa na gitaa. Mimi namwimbia hodi yangu kwa mdomo, yeye anaitafuta kwenye nyuzi. Alikataa siku mbili, akasema ile ni yako mzee, nikamwambia ikikaa kwangu inaoza. Sasa ameipata yote, mpaka kule juu kwa kidole kidogo.

Hilda atarekodi Chamwino na kadi utaletewa. Chemko ikianza utasikia hodi, na safari hii utanitambua mara moja, hata ukiwa mlango wa pili. Sitakuwa mimi.

Kaka yako,
Swedi