Flash Haikuwa na Virusi

Goma, Majengo
Novemba 2022

Yaya Rachidi, kaka yangu,

Kabla ya salamu, pokea kwanza neno hili ambalo sijamwambia mtu, hata Mama: ile flash yako haikuwa na virusi. Ilikuwa nzima. Nimetanguliza hilo kwa sababu najijua; nikianza na salamu nitasalimia mpaka ukurasa uishe.

Sasa asalaam aleikum. Natumaini Bukavu inakutunza, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Sisi hapa tu wazima. Mama angekusalimia kama angejua ninakuandikia. Papa naye ni mzima, ila tangu waasi wakate barabara ya Rutshuru kamio yake ya mizigo imelala nje ya uzio, na yeye anashinda akiipangusa vioo kama vile kesho kuna safari. Ningekupigia, lakini kwenye simu sauti yangu inakufa, unanijua, na simu yenyewe ni ya Papa. Barua hii nitampa Paulin, anapanda boti ya Bukavu kesho.

Unakumbuka mwaka jana, baada ya volkano, wale watu wa upande wa Kibati walivyomchagua Papa awasemee, kwa kuwa ndiye aliyewapakia kwenye kamio moto ukishuka nyuma yao. Shirika moja la mtaa wa Himbi lilikuwa na mbao na mabati, likataka kila kundi lije lionyeshe shida yake ukutani, kwa projekta, kwa Kifaransa. Papa akasema Kifaransa chake kinaishia kwenye bariera za polisi, basi Umi atasema, yeye ndiye anayesoma. Hakuniuliza. Wewe ulikuwa likizo, ukanipa mashine yako ya kompyuta na ile flash nyekundu.

Slaidi zangu za kwanza zilikuwa aibu. Nilijaza Kifaransa tangu juu mpaka chini, na herufi zilikuwa zinaingia zikirukaruka kama panzi. Ulicheka, ukauliza kama nataka watu wanisikilize au wafanye dikte, waandike kama darasani. Ukafuta, ukafuta tena. Ukasema slaidi moja ibebe wazo moja. Herufi ziwe kubwa, hata muzee aliyekaa nyuma bila miwani azione. Picha moja ya kweli inatosha, tano zinagombana. Na nisiupe ukuta uso nikawapa watu mgongo. Ukaniwekea kopi ya pili kwenye simu ya Papa, ukisema flash ni kama mutoto mudogo, inaweza kulia siku ya wageni. Kisha tukapanga bidoni za maji uani zikawa ndizo wasikilizaji wangu, na ile isiyo na kifuniko ukaiita Madame Directrice, mkuu wa shule, kwa sababu haifungi mdomo.

Bidoni niliziweza, Yaya. Nilizisemesha vizuri kabisa.

Ndipo ukanipa siri yako ya mwisho. Nikifika kwenye neno zito, nibonyeze herufi B. Ukuta unakuwa mweusi, na watu hawana tena pa kuangalia isipokuwa mimi. Ulisema hakuna silaha kuliko hiyo. Sikukuambia, lakini silaha hiyo sikuitaka. Mimi nilizipenda slaidi kwa sababu zilinificha.

Picha yetu ya kweli ilikuwa ya Mama Mukakalisa, yule mjane aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara. Amesimama juu ya mawe meusi, anaonyesha kwa kidevu chini ya miguu yake, pale mlango wake ulipofunikwa. Nilimwambia ataonekana ukutani mkubwa kuliko alivyo. Basi siku yenyewe alikuja Himbi kwa mguu, amevaa kikwembe kipya alichoazima kwa jirani, akaketi mbele kabisa.

Wale waliotutangulia walimaliza, wakapigiwa makofi. Madame Bénita, aliyeshughulikia mashine ya ofisi, akanyoosha mkono nimpe flash. Nikaona vichwa vyote vimenigeukia. Nikamwambia, kwa Kifaransa safi, kwamba samahani, flash ina virusi, itamharibia mashine. Akarudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Papa akaniuliza kama ni kweli. Nikaitikia kwa kichwa.

Alisimama mwenyewe, kofia mkononi. Akatafuta Kifaransa, akakikosa, akasema Kiswahili, kisha hata hicho kikamwishia, akabaki anaonyesha ule ukuta mweupe mtupu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Dereva amekosa vitesi, gia imekataa!" Watu wakacheka. Mama Mukakalisa hakucheka. Alikuwa bado anautazama ukuta, anangojea kutokea.

Mbao zikaenda kwa wengine. Wewe ulikuwa umeshapanda boti asubuhi ile, na jioni Papa akakupigia, akafoka kwamba umetuletea takataka za kuokota sokoni Birere, umemvua nguo mbele za watu. Tangu hapo hujarudi nyumbani, na Papa jina lako analizunguka kama shimo la barabarani.

Juzi nilikwenda na Mama kwenye kambi ya Kanyaruchinya kupeleka nguo. Waasi waliposhuka, Mama Mukakalisa alikimbia tena na turubai lake lilelile la tangu volkano, sasa maji ya mvua yanapita juu ya mawe chini ya mkeka wake. Alinikumbatia. Akauliza, "Mwanangu, ile flash ya yaya wako ilipona?" kama vile anaulizia mgonjwa. Nikamjibu kwamba bado.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ile simu. Papa alipochoka kufoka, uliomba kusema nami. Ukauliza kwa sauti ya chini, "Umi, na ile kopi ya pili?" Sikujibu. Ilikuwa ndani ya simu niliyoishika sikioni, Yaya, na imo mpaka leo. Ukaniambia nikurudishie Papa. Nikamsikia akisema afadhali umekubali kosa lako. Ulijua, ukajitwika. Na mimi nikaenda kula.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, rudi hivyohivyo, unifokee hapahapa uani mbele ya Madame Directrice. Nisalimie wote unaokaa nao, na kifua chako ukifunike.

Nasikia kandambili za Papa. Anakuja kuchukua kitambaa chake cha vioo, kiko kwenye kiti nyuma yangu. Tangu mchana kila akipita naufunika ukurasa huu kwa kitabu cha jiografia. Sasa kitabu nimekiweka chini. Flash iko mstari wa kwanza, na nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyonifundisha. Hata bila miwani ataona.

Mudogo wako,
Umi