Pango la Makpela na Mlima wa Wakwe

Jumatatu, 1 Septemba
Nimepalilia kaburi la mke wangu Agata kabla ya chai. Baridi kali. Tangu tuanue tanga lake sijaandika kitu. Naomba radhi, ingawa sijui naiomba kwa nani. Kwa ajili ya jumuiya ya Jumatano nafuatilia pango la Makpela. Ibrahimu, mgeni, aliwaomba Wahiti mahali pa kumzika mkewe Sara. Akapata. Kisha akalazwa humo yeye mwenyewe, na Isaka, na Rebeka, na Lea. Yakobo alibebwa kutoka Misri ili alale hapo.

Jumatano, 3 Septemba
Wanajumuiya wamekutana kwangu. Nimefundisha vizuri. Mwishoni nikamwomba shemeji Kobelo, kaka wa marehemu na msemaji wa ukoo, nije kuzikwa kando ya mke wangu. Mbele ya watu. Nilikosea.
“Shemeji, makaburi yale ni ya ukoo wetu. Mume huja kulima. Kuzikwa, huzikwa kwao.”
“Ibrahimu alikuwa mgeni, na alipata.”
“Basi kawaombe Wahiti.”
Wakacheka. Nami nilitabasamu, kwa adabu.

Jumamosi, 6 Septemba
Shemeji amekuja, kwa heshima zote. Ukoo unaitaka nyumba hii ninamokaa. Pamoja na matuta ya karoti niliyoyachonga mlimani kwa jembe langu. Nilimtazama binti yangu Dafroza, aliyepanda kutoka mjini kunijulia hali.
“Baba, mjomba ana haki. Kwangu Kilakala kuna chumba.”
Kwetu Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama. Nimelijua hilo maisha yangu yote. Kulisikia kwa mwanangu ni jambo jingine. Leo nawachukia wote wawili. Mungu anisamehe, ila si leo.

Jumapili, 7 Septemba
Sikwenda kanisani. Raheli, mke aliyependwa, alizikwa njiani. Yakobo akamwacha huko. Mwisho akaagiza yeye mwenyewe alazwe alikolala Lea, mkewe mwingine. Miaka yote nimefundisha habari hii kwa sauti tulivu. Ni habari mbaya.

Jumanne, 9 Septemba
Ukungu mpaka mlangoni. Mizigo imefungwa; nahamia Kilakala. Nimemwandikia shemeji barua fupi, kuushukuru ukoo kwa kunipokea na kuomba radhi kwa maneno ya Jumatano. Kaburi sikuliomba tena. Nimeomba tu wasiache majani yamfunike Agata. Dafroza ndiye atakayeifikisha. Yeye ni wa kwao.