Mahindi Matatu kwa Mama

Wolorae, Mei

Kaka yangu Damianus,

Shikamoo Kaka. Mgongo unaendeleaje huko Sabah? Hapa nyumbani tu wazima. Mama ana kikohozi cha asubuhi, ila mdomo wake haujaugua hata siku moja. Nguruwe amezaa saba. Nimeandika barua kwa sababu simu wewe huiweka sauti kubwa, bweni zima la wafanyakazi wa mashamba ya michikichi likasikiliza, na haya ni yako peke yako.

Najua umesikia kwamba tumechagua tena mkuu wa kijiji. Usilolijua ni kuwa mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Haya, cheka umalize. Najua pia kwamba neno uchaguzi linakuchefua. Ni miaka sita tangu Lambertus akushinde kwa kura moja, 212 kwa 211, ukaapa hutakanyaga hapa wala kumsalimu Baba Mdogo Petrus, kwa kuwa una hakika ndiye aliyekugeuka. Nivumilie, nitafika huko.

Mama alianza yeye. Alisema safari hii anataka kutoboa kwa msumari picha ya amtakaye kwenye karatasi ya kura, kwa mkono wake mwenyewe, maana tangu macho yake yazime miaka kumi iliyopita hajui kura yake inakwenda wapi. Unakumbuka wasioona na wazee wanaotetemeka walivyokuwa "wakisaidiwa" na Sipri, yule mpambe wa Lambertus, na wenzake. Walishikwa mkono mpaka msumari umwingie Lambertus puani.

Basi nikachukua boksi la tambi, nikalikata sawa na karatasi ya kura, nikafungua dirisha juu ya picha ya kila mgombea. Kando ya dirisha la kwanza nikagundisha punje moja ya mahindi, la pili mbili, la tatu tatu. Mawakala wa wagombea wote walilijaribu wakiwa wamefumba macho, wakatia sahihi. Wakala wa Lambertus alijichoma kidole gumba. Mama alifanya mazoezi kwenye kalenda za zamani. Mwanzoni alikuwa anatoboa kabla ya kuikunjua karatasi yote, matundu yanatoka mawili, nami namgombeza kama yeye alivyotugombeza juu ya kukunja shuka.

Sipri hakukawia. Alinikuta kisimani, akaniambia nyumba za nyasi zinashika moto upesi. Nikamwambia amepitwa na wakati, tumeezeka bati tangu mwaka juzi. Kisha nikaenda naye mpaka kwa polisi aliyeletwa kulinda kituo, nikamwomba arudie maneno yale. Weee! Alipata kigugumizi cha ghafla. Siku ya kura polisi yule alisimama langoni, na hakuna aliyeingia kibandani na mtu asiyemchagua mwenyewe.

Mama aliingia peke yake. Alikaa sana. Sipri, nje ya uzio, akapiga kelele kwamba apelekewe mto, bibi kalala. Mama akamjibu kutoka mle mle ndani kwamba amengoja miaka kumi, na yeye angoje dakika kumi, hana mtoto wa kunyonyesha. Kituo kizima kiliangua kicheko. Akatoka na wino mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilipomuuliza kamchagua nani, alinijibu nishughulike na kazi yangu.

Tulihesabu hadharani, kila karatasi ikiinuliwa juani tundu lionekane. Mwalimu Agnes, yule wa punje tatu, alishinda kwa tofauti ya kura thelathini na nane. Safari hii kila kura ilikwenda alikoituma mwenyewe.

Ila miaka sita iliyopita moja haikwenda, Kaka. Siku moja kabla ya uchaguzi wako, Sipri aliniambia ukishinda hutaiona mvua ya kwanza. Sikumwambia mtu. Kesho yake mimi ndiye niliyemwingiza Mama kibandani. Alinitajia jina lako, akaweka mkono begani kwangu, na mimi nikamtoboa Lambertus. Nikamwambia Mama tayari. Ningetoboa pale aliponituma, wewe ungekuwa na 212 naye 211. Baba Mdogo Petrus hakukugeuka. Alikupigia kura, na alilia ulipoondoka bila kumuaga.

Pengine nilikuokoa, pengine Sipri alikuwa anabwabwaja tu. Sitajificha nyuma ya pengine. Kura haikuwa yangu. Niliogopa, na nimekuacha umchukie mtu asiye na kosa miaka sita mizima. Nisamehe, Kaka.

Mama nilimwambia mwezi kabla ya uchaguzi huu, akipukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua mpaka kapu likajaa. Kisha akaniamuru niende kwa Baba Mdogo siku ile ile. Nimekwenda. Kanisamehe kabla sijamaliza kusema, jambo lililoniuma kuliko matusi. Anauliza utarudi lini. Mwandikie kabla hujaniandikia mimi.

Mwalimu Agnes anakusalimu, na watoto wanauliza kama Sabah kuna mamba. Mama yuko hapa ubavuni, kanisomesha barua hii mara mbili ahakikishe sijaruka kitu. Anasema nikuandikie neno lake hivi hivi: "Damianus, mimi nilikuchagua wewe."

Ni mimi mdogo wako, niliyekupokonya kura yake,

Wihelmina